Mkono Nilionyoosha Ndani ya Boma Lisilo na Bati

Jumamosi, saa kumi jioni. Joto la mwezi wa kumi limeukalia mtaa wetu wa Ilembo tangu asubuhi, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, na mimi nimechefukwa. Si malaria. Nimekunywa maji ya limao, nimejilaza, nimeamka nimechefukwa vilevile.

Nimetoka kwenye mkutano wa mtaa.

Mimi ndiye mwandishi wa mikutano yetu. Walinichagua kwa sababu ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo uchafu wote uliosemwa leo umepita kwenye kalamu yangu kabla ya kukauka kwenye daftari. Mikono nimeinawa mara mbili.

Tulikutania ndani ya boma la zahanati. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya: wananchi tunapandisha kuta kwa nguvu zetu mpaka kwenye lenta, halafu tunasubiri serikali ilete bati. Sisi lenta tulishafika zamani. Bati ndiyo hiyo, ahadi juu ya ahadi. Mbuzi wa mtaa wanakijua chumba cha kujifungulia kuliko akina mama wenye mimba, maana asubuhi kina kivuli kizuri.

Ajenda ilikuwa huduma. Na hapa sitaki kujidanganya: watu wameongezeka kweli. Darasani kwangu watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja na wengine wanakaa chini. Bomba ni lile lile moja, ndoo zinapangwa foleni alfajiri na kubaki pale kushika nafasi za wenyewe. Zahanati ya mtaa wa jirani unakwenda na homa, unarudi na homa na karatasi ya kununulia dawa dukani. Mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa hapa ametafuta chumba mwezi mzima. Watu walikuwa na haki ya kukasirika, hata mimi nilikwenda na hasira yangu. Nilidhani tutaibana serikali kuhusu bati.

Hakuna aliyetaja bati.

Alisimama yule tunayemwita Bwana Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akavuta suruali juu, akasema, "Nyie mnashangaa dawa kuisha? Si hawa watu wa kambini! Vyumba wao, maji wao, dawa wao. Waondoke, tupumue." Makofi yakalia. Bwana Misumari ana vyumba vya kupangisha kuliko mtu yeyote mtaani, na mwaka huu amepandisha kodi mara mbili. Yeye mwenyewe alishuka kwenye treni akitokea Tabora, nakumbuka vizuri, maana mtoto wake wa kwanza nilimfundisha mimi. Lakini mpigiwa makofi haulizwi alikotoka.

Watu wa kambini ni wale ambao wazazi wao walikimbia vita Burundi wakapewa ardhi kwenye kambi ya Katumba. Walizaa huko, wakazika huko, wakapewa uraia na vyeti vyake. Siku hizi baadhi yao wamehamia mjini kutafuta maisha, kama sisi wengine. Mpangaji wangu Mama Jenesta ni mmojawapo. Ana mume, ana binti, na Burundi hajawahi kuiona hata kwa mbali.

Mzee mmoja aliuliza tutawatambuaje. Akajibiwa, "Wasikilize Kiswahili chao." Mwenyekiti wetu, ambaye akisema neno moja tu unajua mama yake alimbembeleza kwa Kifipa, akatikisa kichwa kwa busara kubwa. Nilitazama huku na huku nione nani atacheka. Watu walikuwa wanaafiki kweli, nami nikaliandika na hilo.

Azimio likapita haraka kuliko sala ya kufungulia mkutano: kila mwenye nyumba awaondoe wapangaji wa kambini kabla ya Jumamosi ijayo. Mwenyekiti akasema anayeafiki anyooshe mkono.

Nilinyoosha.

Ningependa kuandika kwamba nilichanganyikiwa, au kwamba sikusikia vizuri. Nilisikia kila kitu, tena nilikuwa nakiandika. Wote wanajua ninaishi ua mmoja na Mama Jenesta. Macho yalinigeukia, na nyuma yangu mwanamke akanong'ona, "Mwalimu si anawafuga?" Basi mkono ukapanda. Mimi ninayewafokea watoto kila siku kwa kuangalizia kwa mwenzao, nimeangalizia kwa jirani yangu wa kushoto.

Na nilikuwa nimeegemea ukuta wa Baba Jenesta. Yeye ni mchoma matofali. Tulipokuwa tunajenga boma hili kila kaya ilitakiwa kuchangia nguvu zake, wengi tukasogeza mawe mawili matatu tukaenda zetu kupika. Yeye alitoa tanuru zima. Alisema mke wake alijifungulia juu ya bodaboda, njiani kwenda hospitali, na hataki mwanamke mwingine wa Ilembo aone aibu ile. Tulimpigia makofi siku hiyo, Bwana Misumari akiwemo. Nyumba mpya ngapi mtaani kwetu zimesimama kwa matofali yake? Halafu eti yeye ndiye aliyemaliza vyumba.

Hatuna haya. Nasema hatuna haya, na ninaanza na mimi.

Leo yeye na mkewe hawakuja mkutanoni. Tanuru likishawashwa haliachwi, moto ukilegea upande mmoja matofali yanatoka mabichi. Wenzao walikuwa wanawafukuza, wao wanachochea kuni.

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, nikiomba Mama Jenesta awe bado tanuruni. Alikuwa uani, anaanua nguo, na habari ilikuwa imeshanitangulia. Jenesta alikuwa barazani na vitabu vyake. Mwezi ujao anafanya mtihani wa kidato cha nne. Wakirudi Katumba sasa hivi, sijui atakuwa anaamka saa ngapi, wala atafika shuleni na nini.

"Mwalimu, kweli wamesema tuhame?"

"Wamesema."

Alikunja shati la mumewe, akalikunja tena lilipokuwa tayari limekunjwa. "Na wewe Mwalimu wetu, ulinyoosha mkono?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayepapasa gizani ajue ukuta uko wapi.

Nikasema, "Hapana."

"Nilijua!" Uso wake ulifunguka mpaka nikatazama chini. "Jenesta, umesikia? Nilikwambia. Mwalimu wetu alikataa mbele ya wote." Yule binti akaacha vitabu, akaja, akapiga goti kunishukuru. Kidato cha nne, na mikono yake ina wino kama yangu. Niliingia ndani nikafunga mlango, na mpaka sasa sijatoka.

Muhtasari wa mkutano hauendi kwenye ofisi ya kata bila sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya mwandishi. Kesho baada ya misa ya kwanza mwenyekiti atapita kuuchukua. Sitatia sahihi. Nitamwambia kwamba mkutano wa mtaa hauna mamlaka ya kuwahamisha raia, na kwamba akitaka barua ya kudai bati nitamwandikia saa hiyo hiyo, kurasa nne, bila kupumzika. Atanuna. Bwana Misumari atanipa jina jipya na litadumu. Na anipe tu. Kwenye nyumba yangu hahami mtu, Jenesta atafanya mtihani akitokea kwenye baraza hili.

Hilo nimeliamua na sitingishiki. Hilo, kumbe, ndilo jepesi.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwao ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu kwa macho kupitia dirishani. Namsikia Mama Jenesta anamsimulia mumewe, ambaye amemwachia kibarua tanuru akapita mara moja kuchukua chakula kabla ya kurudi kwenye moto wake. Anamsimulia jinsi Mwalimu alivyosimama peke yake. Ameongeza na maneno ambayo hata kama ningekataa nisingeweza kuyasema. Mume anaitikia, "Mungu ambariki. Mungu ambariki sana."

Nimeshika kitasa mara mbili. Nitaanzaje kuwaambia kwamba huyo wanayemwombea baraka hakuwepo pale mkutanoni, na aliyekuwepo ni mimi, niliyenyoosha mkono?