Taarifa ya habari iliyoingia kwenye harusi ya dada Zaina

Jumamosi, usiku

Nimeimba mbele ya watu. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza kitu kwa Kifaransa najibu nikitazama miguu yangu!

Wapiga ngoma hawakutokea, basi baba akaweka redio dirishani, ile saa ya nyimbo za zamani. Wakwe kutoka Kabonga wakacheka: "Iko harusi ya redio hii!" Dada akacheza hivyo hivyo. Katikati ya wimbo ikaingia taarifa ya habari. Watu wakaacha kucheza, na nikaona kidevu cha dada kinatetemeka.

Nyimbo zile nazijua zote. Bibi anasema redio ya Bujumbura ilianza na santuri chache tu za Kongo, na tangu uhuru inazirudia zilezile kila Jumamosi. Basi nikashika wimbo pale ulipokatika. Dada akaanza tena kucheza.

Habari zilipoisha, muziki ukarudi redioni. Mama mkwe mwenyewe akapiga kelele:

"Muzime hiyo redio, mutoto hajamaliza!"

Kesho sokoni watanitazama, najua. Wanitazame.