Wachina Walikupata Kwanza

Chebet, mwanangu,

Chuo kimeleta vitabu vyako. Maboksi yamejaza stoo ya mahindi. Mama yako alifungua moja, akakuta kurasa zote ni Kichina. Akapitisha kidole kama anayetafuta jina lako, kisha akafunga, akaenda kukama.

Hapa Silibwet bado hawaelewi ulifanya kazi gani. Kwenye mazishi mzee wa kanisa alisema ulikuwa mkalimani wa wajenzi wa barabara. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Ningeanzia wapi? Kwamba ulikuwa mwanahistoria, na maisha yako ya kazi uliwapa wakulima wa bonde moja la China, waliohamishwa ili bwawa lijengwe?

Nilikutania: "Baba yako naye alihamishwa. Au mpaka niwe Mchina?"

Ukacheka. "Wachina wananijibu, Baba. Wewe unazunguka tu. Ngoja Desemba, nitakuja na rekoda."

Desemba ilifika, nawe ukaja ndani ya jeneza.

Sasa nani ataniuliza? Kilima tulikozaliwa, kule upande wa Kericho, ni majani chai matupu. Wote tuliofukuzwa nao wamekufa. Nimebaki mimi na shangazi yako Tabutany, na akili yake inaondoka.

Juzi nilimwendea. Nikamuuliza tulifukuzwa mwaka gani. Akanitazama tu. Nikakumbuka ulivyowafundisha wanafunzi wako: usimuulize mzee mwaka, muulize siku hiyo walipika nini. Nikauliza hivyo. Akajibu papo hapo:

"Hatukupika. Mama alichukua kibuyu cha mursik, akaumwagia moto maziwa yote. Alisema askari wa mkoloni watafute moto wao wa kuchomea nyumba."

Chebet, sikujua. Nilikuwa mdogo, nakumbuka moshi tu. Nimezeeka bila kujua mama yangu alifanya hivyo.

Wewe ungejua swali linalofuata. Mimi nilimshika mkono, na nilipopata neno alikuwa ameshaanza kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Ninakulilia kama baba. Ninakulilia pia kwa sababu uliwasikiliza watu wa mbali vizuri sana, na zamu yetu ilikuwa imekaribia. Sijui nifanye nini na uchungu huu wa pili.

Pumzika, mwanangu. Kesho nitarudi kwa shangazi yako asubuhi, saa ambazo bado ananijua. Nitauliza vibaya. Lakini nitauliza.

Baba yako