Matairi ya Maren

Salida, Julai

Mwanangu Anders,

Wengi hukosea wakidhani kwamba mjamzito akijitoa kwenye mashindano ya baiskeli, ameacha na milima. Mkeo Maren hajambo, na mimba ya miezi saba inampendeza. Anasema anaendesha baiskeli kwenye lami kando ya mto tu. Jana niliyabonyeza matairi yake, nikakuta yamepunguzwa upepo. Kwa lami hujazwa. Hupunguzwa ili yashike mawe, na mawe yako mlimani.

"Baba, siku hizi umekuwa polisi?" aliniuliza, akacheka peke yake.

Nashuku anapanda huko bila mwenzake, maana wewe uko Utah unashindana. Akianguka, nani atajua? Usimgombeze kwa simu. Pakia baiskeli yako leo, urudi nyumbani.

Baba yako,
Halvard