Aliyenishika Mkono Siku ya Mifuko ya Unga

Mma Tshenolo mpendwa, kila wiki nasoma ukurasa wako nikicheka shida za wenzangu, leo zamu ni yangu, nisaidie kabla Jumamosi ijayo haijafika.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, nawashonea akina mama wa sala ya Alhamisi blauzi zao nyekundu na kola nyeupe, na mimi mwenyewe ni mmoja wao, ndiye ninayeanzisha nyimbo, na ninaishi na Onalenna ambaye mtaa mzima unamjua kama binamu yangu, na si binamu, ni mpenzi wangu, mwaka wa ishirini na mbili huu tuko pamoja, nadhani umenielewa.

Sasa miaka kumi na tisa iliyopita Ashwin msusi alitukusanya watu kumi na mmoja saluni kwake akasema mwaka huu na sisi tunaopenda wa jinsia yetu tutaandamana mchana kweupe, kutoka stesheni mpaka maktaba, na sisi waoga akatutengenezea mifuko ya karatasi ya unga wa mahindi tuvae kichwani, ila matundu ya macho aliyapimia kichwa chake, na Ashwin unamjua ana kichwa kama boga, basi kwangu matundu yakashuka mpaka kidevuni, nikawa natembea gizani nikipiga chafya kwa unga uliobaki, watu wanazomea huku na huku, na pale kona ya stendi ya teksi kuna lile shimo la mtaro lisilo na kifuniko, mguu mmoja ulishaning'inia hewani, Mma, ndipo mkono ukanidaka.

"We mtoto, utavunjika shingo! Aliyekutengenezea hili dude hajui macho ya mtu hukaa wapi?"

Alikuwa Mma Boitshepo, muuza magwinya, maandazi yake nani hayajui, na hakuwa mmoja wetu, ana mume na watoto sita, lakini aliacha mafuta yanachemka akanishika mkono wa kushoto mpaka maktaba, na kila aliyezomea alimjibu kwa kumtaja jina lake na la mama yake. Mimi hata asante sikusema, niliogopa sauti yangu itanitaja, nilikimbia nyuma ya maktaba nikauvua mfuko nywele zote unga.

Mwaka wa pili halmashauri ikatunyima barabara, wenzangu wakauzunguka uwanja wa soko mara saba, wa tatu bendi ya shule ikajiunga, na leo unaiona Siku ya Fahari ilivyo, meya anagombea kusimama mbele na wastaafu wanaleta viti asubuhi kuwahi kivuli, nami namshukuru Mungu kwamba nimeyaona, ila nayaona nikiwa upande wa watazamaji, tangu siku ile sijaandamana tena.

Mwaka huu maandamano ni Jumamosi hiyo ijayo, na kamati inataka Mma Boitshepo aongoze. Sukari imemchukua macho yote mawili, mjukuu ndiye anayekaanga, na amewaambia hapandi gari wala hashikwi na yeyote. "Nilimwongoza mtu wa mfuko alipokuwa haoni. Sasa sioni mimi. Aje aniongoze, la sivyo nabaki na magwinya yangu." Ashwin aliapa hatamtaja mtu na hajataja. Akina mama wa Alhamisi mwaka juzi walimvua mwenzetu kola wakamtoa kundini kwa neno dogo kuliko hili, na Onalenna amenijia juu, "Miaka ishirini na mbili mimi binamu! Binamu gani anayekufulia soksi na kukugeuza ukikoroma?"

Mungu shahidi natamani kumshukuru, maana ni mwema mno, hata sasa nikinyoosha mkono Ijumaa kupokea magwinya yangu manne kutoka mkononi mwake, sijafungua kinywa, anamwambia mjukuu aongeze la tano, nadhani anasikia marashi yangu. Je, nikimtumia shali nzuri bila jina haitoshi?

Mama wa Mfuko

*

Mama wa Mfuko,

Shali! Mwanamke alikushika mkono huku mji unazomea, wewe unataka kumshukuru kwa posta. Hapo niliweka kalamu chini nikanywa chai kwanza.

Pole kwa woga wako. Siuchezei, kola ile naijua uzito wake, mama yangu alizikwa nayo. Lakini hebu soma tena barua yako. Haoni, wewe hujasema neno, unanyoosha mkono, anakuongezea. Marashi gani, Mma? Amekujua kwa mkono. Amekujua na hajamwambia mtu, hata kamati ilipombembeleza. Mfuko ule ni wako na hakuna mwenye haki ya kukuvua, ndiyo maana amesubiri uuvue mwenyewe.

Mimi siku ile nilikuwa dirishani mwa duka la nyama. Sikuzomea, na nje pia sikutoka, naona haya mpaka leo. Kesho yake nilikwenda kununua magwinya ili nichokonoe, nikamuuliza yule alikuwa nani. Akanijibu, "Mtu aliyekuwa haoni njia. Unataka mangapi?" Leo mwanangu wa pili, wa kiume, hupita barabara ile na mumewe, uso wazi, wakicheka. Ninyi kumi na mmoja ndio mliowapitishia njia, mkipiga chafya. Sikuwahi kujua nimshukuru nani. Asante, dada yangu.

Sasa sikiliza. Ijumaa nenda mapema kabla ya foleni, na usiagize kitu. Mpe mkono wa kushoto, useme asante kwa sauti hiyohiyo inayoanzisha nyimbo. Nenda na Onalenna, na ukimtambulisha, neno binamu liache nyumbani. Wakikuvua kola itakuuma, sikudanganyi, ila waulize zao zikichanika watazipeleka kwa nani.

Jumamosi vaa viatu vya chini. Lile shimo la kona ya stendi halmashauri haijaliziba mpaka leo. Mkifika pale mshike vizuri, umwambie lilipo.

Mma Tshenolo