Tawi la Wazee

Dhaka, Jumapili

Kwako Dada Mahfuza,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi nala, nalala, naenda kazini. Achari uliyonitumia nimeimaliza peke yangu.

Umeniuliza kwa nini Rakin amefukuzwa kazi wakati kadi za harusi yenu zimeshagawiwa, tena umeniomba nimsemee kwa bosi. Nitakueleza.

Programu yetu hukokotoa dozi za dawa hospitalini. Tunaitunza katika matawi mawili: tawi kuu, ambako toleo jipya hujengwa, na tawi la matengenezo, la hospitali zinazong'ang'ania toleo la zamani. Yeye alipewa la kwanza, mimi la pili. Kila kasoro ninayoirekebisha kwangu lazima irekebishwe na kwake, la sivyo toleo jipya linazaliwa na ugonjwa uleule.

Rakin aliliita langu tawi la wazee. Kila nikimpelekea rekebisho huniuliza mbele ya watu, "Haya bibi, leo umeosha maiti gani?" Wote hucheka, hata Mosaddek Bhai, bosi wetu. Siku moja akaniambia nisimletee takataka tena mpaka aniite, namchafulia kazi. Nikamjibu, sawa, shemeji. Hakuniita.

Toleo jipya likatoka. Huko Khulna, mtoto wa kilo nane na nusu akasomeka kilo themanini na tano. Muuguzi aliishtukia dozi sindano ikiwa tayari mkononi. Mosaddek Bhai akamfukuza Rakin palepale, sote tukitazama. Alilia, Dada. Jana alinifuata kantini akinisihi niseme kwamba nilisahau kumpelekea rekebisho hilo.

Sikusahau. Kasoro ile niliirekebisha kwangu tangu majira ya mvua. Kabla toleo halijatoka nililijaribu tawi lake kwa siri, nikaiona bado ipo, nikazima kompyuta nikaenda kunywa chai. Nilijua wanaopimwa ni watoto. Wala usijidanganye kwamba nilikuwa nakuepusha na mume mbaya. Nilitaka anyamaze, basi.

Sasa nimekabidhiwa matawi yote mawili, na kiti chake.

Ukitaka, mwonyeshe Rakin barua hii. Atarudishiwa kazi yake na mimi nitafukuzwa. Lakini nakujua. Insulini ya Amma, mama yetu sote wawili, inatoka kwenye mshahara wangu. Utaikunja barua hii, utaiweka chini ya sari zako, na utaolewa naye ukiwa kimya.

Mbusu Amma mikono kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Lamisa