Kwa Nini Linux Yetu Ilibadilishwa Jina

Mjukuu wangu Sauda,

Salamu toka Kamembe. Maman yako ni mzima, batoto wamerudi masomoni. Unauliza kwa nini tulibadilisha jina la Linux yetu, ile programu ya kuendesha ordinateri, yaani kompyuta. Swali lako limenipandisha hasira upya!

Tulikuwa vijana wa Kamembe na Bukavu, tukiitengeneza pamoja bila malipo. Mimi nilitafsiri menyu, wengine walirekebisha makosa. Neno la siri la seva, ile kompyuta iliyotunza kazi yetu yote, tulimwachia mwenzetu Rashidi peke yake, maana ndiye aliyeanza, tukaona kumwomba atupe na sisi ni kumvunjia heshima. Siku tulipobishana naye, akalibadilisha, akatufungia nje sote. Hata jina akasema ni lake! Kazi ya bantu bote, ya sisi sote!

Tulizunguka tukikusanya CD zenye nakala zake tulizokuwa tumegawia marafiki, tukaanzia hapo, kwa jina jipya. Ya Rashidi ilikufa. Yetu ndiyo unayotumia leo.

Halafu unaniandikia, tena kwa majivuno, kwamba neno la siri la mradi wenu unalijua wewe tu, kwa sababu wenzako wanakuheshimu.

Rashidi naye tulimheshimu, Sauda. Wape wenzako neno hilo leo hii.

Ni mimi koko wako, na bado nimekasirika.