Kwa Baba, Fundi Cherehani Aliyemchora Kereng'ende Mara Mbili

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu mchana ule uliposema unajinyoosha dakika tano tu. Ulikuwa umekula vizuri, umemtania Mama kuhusu chumvi, umeosha brashi zako na kuzilaza juu ya kitambaa zikauke. Mama alipokuja kukuamsha ulikuwa umeshakwenda zako, uso umetulia kama wa mtu aliyekabidhi kazi ya watu kwa wakati. Tulilia sana. Leo tunakuandikia tukiwa tumetulia, maana humu nyumbani ukitajwa, kicheko ndicho kinachotangulia.

Wengi wanakujua kwa cherehani. Miaka arobaini na miwili ulikaa kwenye dirisha la chumba cha mbele, tepu shingoni, pini mdomoni, ukishona sare za shule na suti za maharusi wa nusu ya mtaa. Mteja akinenepa, ulimpanulia kiuno kimyakimya, na akija kuchukua suruali yake ulimwambia, "Kitambaa hiki bwana, kikifuliwa kinarudi. Nimekirekebisha." Hakuna aliyetoka kwako akijiona mnene.

Wadudu ulianza nao kwa hasira. Nondo alitoboa koti la mteja, ukamvizia siku mbili nzima, ukamfunika kwa glasi ili umwue. Kisha ukachukua ile lenzi ya kutungia sindano, ukainama kumtazama adui yako. Mama alipoingia na chai alikukuta umeinama, na aliporudi kuchukua kikombe ulikuwa bado umeinama.

"Mama watoto, njoo uone," ulimwambia. "Mwizi mwenyewe kavaa koti zuri kuliko alilolitoboa."

Siku hiyohiyo ulipekua droo, ukatoa kisanduku cha rangi za maji alichokiacha binti yako tangu shule ya msingi, ukamchora nondo kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Karatasi ikalowa, ikajikunja kama jani kavu. Nondo ukamfungulia dirisha.

Basi ikawa ndiyo hivyo. Ukatafuta karatasi nene, ukajifunza mwenyewe, ukiharibu na kuanza upya. Ukachora panzi, nyigu, vunjajungu, mende wa jikoni kwetu, hata mbu aliyekuwa ameshiba damu yako. "Huyu simfukuzi," ulisema, "tumeshachanganya damu." Hukumchoma mdudu pini hata mmoja. Wote walikaa chini ya glasi, wakachorwa, wakaachiwa. Mama alichoka kukuta glasi za wageni zina miguu ya panzi, akaitia moja rangi ya kucha kitakoni, hiyo ndiyo ikawa ya wadudu. Dada yako alipokuja kututembelea aliinywea maji wiki nzima kabla ya mtu kumwambia. Shangazi hajatusamehe mpaka leo.

Tulipenda kukutazama ukifanya kazi. Ulianza na maji mengi na rangi kidogo, rangi nyepesi kama chai iliyokosa majani, ukasubiri ikauke, ukaongeza nyingine juu yake. Rangi nyeupe hukuwa nayo kabisa. Ule mng'ao wa mgongo wa dundu ulikuwa ni karatasi tupu uliyoiacha makusudi. Tukikusifia ulijibu, "Hapo sikupaka kitu. Hapo nilijizuia."

Halafu mwalimu mkuu akarudisha suruali. "Fundi, mguu mmoja umeushona kwa uzi wa bluu, mwingine kwa mweusi." Ulicheka, ukamwambia ndiyo mtindo mpya. Binti yako muuguzi, aliyekuwa amepita kukusalimu, hakucheka. Alichukua tochi akakumulika machoni.

"Baba, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Watoto ninao wanne na wananitosha," ulimjibu. "Huyo wa tano mrudishe alikotoka."

"Ndiyo hivyo, kumtoa ni kwa upasuaji."

Hapo mzaha ukaisha. Mwaka mzima ulikataa, ukatupa kila sababu chini ya jua, mpaka siku moja ukamwambia Mama ukweli: uliogopa. "Jicho hili na mkono huu wamezoeana. Ukimgusa mmoja, mwenzake atasusa. Nitabaki na nini?" Mama hakubishana nawe. Alingoja. Siku ulipomwonyesha nyigu uliyemchora, alihesabu kwa kidole.

"Miguu mitano, mzee."

"Mmoja kaukunja."

Mama alikusogezea glasi. Nyigu alikuwa amesimama wima kwenye miguu yake sita, yote ikionekana na kila mtu isipokuwa wewe. Uliweka brashi chini. Kisha ukasema, "Haya. Nipelekeni."

Hospitalini walianza na jicho moja. Bandeji ilipotolewa ulikuwa kama mtoto kwenye dirisha la basi, unaziba jicho hili, unafungua lile. "Hili linaona mbingu," ulituambia, "na hili linaona mbingu iliyomwagikiwa chai." Ulisoma vibao vyote njiani kwa sauti, mpaka Mama akakuomba upumzike.

Nyumbani ulikwenda moja kwa moja kwenye picha zako. Tulisubiri ufurahi. Ulichukua picha ya kereng'ende wa kwenye tangi letu la maji la uani, uliyekuwa ukimjivunia kuliko wote, ukatoka nayo. Kereng'ende wenyewe walikuwa pale, bluu tupu, bluu ya kuumiza macho. Wa kwenye karatasi alikuwa wa kahawia.

"Nimewasingizia," ulisema. "Miaka yote hii nimewasingizia viumbe wa watu."

Ukarudi ndani, ukakusanya picha zote tisini na nne ili uzichane. Hatukuwahi kukuona hivyo, Baba. Mama alisimama mbele yako.

"Lete hapa."

"Ni uongo mtupu, mama watoto."

"Umezichora kwenye meza yangu, mimi nikikupikia na kukunyamazia. Ni zangu pia. Kabla ya kuzichana, mchane mkeo kwanza."

Alizifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni mwa gauni. Siku tatu mlizungumza kupitia sisi: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimesikia. Siku ya nne ulichukua kiti ukakiweka uani, ukamchora kereng'ende upya. Mkono haukususa. Ulipomaliza ulimwomba Mama yule wa kwanza, akakuletea huyo mmoja tu, akiwa amemshika vizuri usije ukamnyakua umchane. Ukawalaza pamoja mezani, ukawatazama mpaka chai ikapoa.

"Huyu wa kahawia hakudanganya," ulisema mwishowe. "Alisema alichokiona."

Mama alikupa ufunguo.

Jicho la pili lilitengenezwa mwezi uliofuata, na wale kereng'ende wawili ulimpelekea daktari kama shukrani. Akawatundika ukutani, penye mabenchi ya wanaosubiri. Kisha ukarudi kwa wadudu wako, mmoja mmoja, ukimweka mpya kando ya wa zamani. Pamoja na kereng'ende, uliwarudia themanini na watatu. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yako miwili ya mwisho, na hatukumbuki kukuona ukiwa na furaha kuliko hapo. Kumi na mmoja hukuwafikia. Hao tumewaacha kama walivyo, na tunawapenda vilevile.

Mwezi uliopita Mama alikwenda kupima macho yake kwa daktari yuleyule. Kwenye benchi alikaa na mzee mmoja dereva wa lori, aliyeletwa na wanawe kwa kuvutwavutwa, akiapa kwamba hapasuliwi mtu. Wanawe walipokwenda kwenye dirisha la mapokezi, aliinuka akasimama karibu kabisa na ukuta.

"Mama, hawa wadudu ni wa aina mbili?"

"Ni mmoja," Mama alimjibu. "Huyu kabla ya upasuaji, huyu baada. Aliyewachora ni mume wangu."

Mzee alibaki amesimama. Wanawe waliporudi, tayari kuanza kubembeleza upya, aliwakatiza. "Mmeshaniandikisha? Mnangoja nini?"

Mama alitusimulia mara tatu siku hiyo, Baba, na mara zote tatu aliigiza sauti ya yule mzee.

Unakumbukwa na mke wako, anayezifuta vumbi picha zako kila Jumamosi. Binti yako muuguzi. Wanao watatu, fundi umeme, mwalimu na dereva. Wakwe zako na wajukuu zako saba. Na dada yako, ambaye bado analeta glasi yake mwenyewe. Wateja wako wanakusalimu, na suruali zinawatosha.

Pumzika salama, Baba yetu. Kukukumbuka hatutachoka.